Malango Mawili ya Nairobi

Wote, Makueni, 3 Machi 2025
Mama ana kliniki Nairobi kesho asubuhi. Tutaondoka saa tisa usiku. Hadi Machakos barabara haina shida. Tunaamka saa hiyo kwa sababu ya foleni ya Mlolongo, kwenye Mombasa Road.

Nairobi, 4 Machi
Tumechelewa hata hivyo. Kuanzia Mlolongo matatu yetu ilitambaa sambamba na Nairobi Expressway, ile ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022. Kule anayelipa hupita, hata akiwa peke yake garini. Huku kwetu tulikuwa abiria 14, kushoto gari lenye dereva tu, kulia vivyo hivyo. Mama akaniuliza, "Kwani hawa wote hawana majirani wa kuja nao?" Swali la haki kabisa. Kwetu teksi ya Probox haiondoki stejini mpaka ijae. Miji mingi ya Marekani hutenga leni kwa magari ya namna hiyo, yenye watu wawili, watatu au zaidi. Sisi tuliojaza magari miaka yote hatujatengewa hata moja.

Kitui, 7 Machi
Nimelala kwa dada. Shemeji huendesha basi la Mwingi na huingia Nairobi kwa Thika Road. "Mwaka wa 2018 walituchorea mistari myekundu," akasema, "tukaambiwa leni hiyo ni ya mabasi. Rangi ikafutika, mabasi hayajaja." Inaniuma. Barabara ile ilifunguliwa 2012 baada ya kupanuliwa, ina leni nane, na asubuhi bado hujaa. Ukiongeza leni, magari huongezeka. Ukimpa basi leni yake, unaamua nani atangulie: watu 50 ndani ya nafasi ya magari mawili au matatu. Tena basi lisilokwama hurudi mapema kubeba wengine.

Wote, 9 Machi
Dar es Salaam walianzisha mabasi ya mwendokasi 2016, Kimara hadi Kivukoni, kwa njia yake yenyewe. Mabasi hayo hayakwami sana kwenye foleni ya magari, ila vituoni abiria wamekuwa wakisongamana sana kwa uhaba wa mabasi. Kwa hiyo leni peke yake haitoshi, lakini ndiyo mwanzo.

Wabunge wa Kitui na Makueni wasiseme barabara hizi mbili za kuingia Nairobi ni za Nairobi peke yake. Wagonjwa wetu, wanafunzi wetu na maembe yetu hupitia humo. Waidai serikali leni moja Mombasa Road na moja Thika Road, kila asubuhi, kwa mabasi, matatu na magari yaliyojaa watu.