Jiwe la Baba

Shamba letu lilipakana na msitu wa Jozani, Unguja. Kima punju, ambao asili yao ni kisiwa hiki, waliingia wakala majani machanga ya miembe. Marehemu baba aliwafukuza kwa mawe, nami nikiwatazama kwa mapenzi. Siku moja nilimwambia kuwa maalim wetu chuoni ametusomesha, katika Suratul An‘aam, kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Baba alinyamaza, kisha akaliachia jiwe likaanguka.

Leo riziki yangu ni kupiga picha za wanyamapori. Mwaka jana mteja mmoja alitaka niwarushie kima karanga ili waisogelee kamera. Ujira ulikuwa mnono, na kodi ya nyumba ilikuwa imewadia. Nilikataa: kima aliyezoeshwa kulishwa huacha kuwahofu watu na barabara, na magari yamekwishaua wengi pale Jozani. Mteja akaenda zake.

Usiku nilimweleza mke wangu. Akasema, “Alhamdulillahi. Tutakula kidogo, lakini cha halali.” Nikalikumbuka jiwe la baba.