Wimbo Usionihitaji

Kazi yangu ni kuimbisha. Hapa Lubutu ukitaja kiongozi wa sifa, wengi humfikiria mtu aliyesimama mbele na mikro mkononi, bafle zikinguruma pembeni yake, vijana wa gitaa na kinanda wakimtazama usoni wajue lini wabadilishe mwendo. Ndiyo kazi ninayoifanya Jumapili hadi Jumapili, pamoja na mikesha, harusi na vilio, na kadiri ninavyoizoea ndivyo ninavyozidi kushikilia jambo ambalo wenzangu wengi hawalipendi: mwimbishaji apimwe kwa nyimbo ambazo waumini wanaweza kuziimba yeye asipokuwapo. Wimbo unaomfuata mama kwenye shamba la muhogo, unaoanzishwa na yeyote usiku wa kilio, unaompa mgonjwa maneno ya kuomba pale ambapo akili yake imechoka kutunga sala, huo ndio wimbo wa kanisa. Ule unaonihitaji mimi ili usimame bado ni wangu, hata kama umewaliza watu wote ibadani.

Wanaonisikia hudhani huo ni unyenyekevu, kumbe ni hesabu ya mahali tunapoishi. Lubutu iko kwenye barabara ya taifa namba 3, ile inayotoka Kisangani kupitia Walikale hadi Bukavu, na ingawa mji mkuu wa jimbo letu la Maniema ni Kindu, petroli na bidhaa nyingine nyingi hutujia kutoka Kisangani. Mvua ikiharibu barabara, bei ya petroli hupanda. Bei ikipanda, jenereta ya kanisa hulala, na kinanda kinabaki kimefunikwa kitambaa. Vitabu vya nyimbo navyo ni vichache. Kwenye benchi zima huenda kikawepo kimoja, kimepoteza jalada na kurasa za mwisho, na aliyekishika pengine amekishika kwa heshima tu kwa sababu herufi zake ni ndogo mno kwa macho yake. Kwa hiyo namna yetu ya kuimba ni ya kutajiwa mstari. Kabla watu hawajamaliza mstari wa kwanza, mwimbishaji anatupa maneno ya unaofuata, haraka, kwa sauti ya kusema na si ya kuimba, nao wanayadaka na kuyaweka kwenye sauti wanayoijua. Ukichelewa kidogo, wanarudia walichokwisha kuimba. Ukiwahi mno, unawakata pumzi. Ustadi mwingi wa kazi yangu umo katika nafasi hiyo finyu, na hakuna anayeupigia makofi, jambo ambalo naona ni sawa kabisa.

Halafu kuna suala la kimo cha sauti. Mpiga kinanda hupenda kuanzia pale vidole vyake vilipozoea, na mara nyingi hapo ni juu kuliko koo za watu. Akina baba hushuka, bibi wazee hunyamaza, wanaobaki juu ni wanakorali peke yao. Kwa mtu aliye nje ya jengo, sauti ni ileile, tena huenda imeongezeka kwa sababu ya bafle. Lakini ukitazama midomo utaona nusu ya kanisa imefungwa. Mimi hutazama midomo. Mama mzee akianzisha wimbo mwenyewe, bila chombo, huanzia chini, na kila mtu hupata pa kukaa. Tena nyimbo nyingi za vitabuni tulizorithi kwa wamisionari zilitungiwa lugha za Ulaya, ambako mstari hupenda kuishia kwenye silabi nzito. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi sauti inapopanda na kutua kwa nguvu juu ya silabi ya mwisho, neno hupinda. Waumini wetu hawakuitisha mkutano juu ya hilo, walirekebisha tu. Hupunguza mwendo, huivuta silabi ya kabla ya mwisho, huipitisha ya mwisho kwa wepesi, na baada ya miaka wimbo huo unaimbwa kama uliozaliwa hapa. Mwalimu aliyesomea noti huliita hilo kosa. Kwangu ni alama kwamba wimbo umepata wenyewe, na kinanda chenye mdundo uliopangwa ndani yake hakiwezi kuwasubiri wenyewe hao.

Ushahidi hauishii ndani ya kanisa. Wakumu, wenyeji wa msitu huu, walifundisha kwa nyimbo tangu kabla Biblia haijafika huku. Tohara yao, gandja, ambayo mtafiti Wauthier de Mahieu aliichambua katika kitabu kizima kilichotoka 1985, ilikuwa shule, na nyimbo zilikuwa sehemu ya masomo yake. Hakuna kijana aliyepewa daftari. Serikali ya Wabelgiji nayo ilikutana na nguvu hiyo ya mdomo kwa namna iliyoitisha: Kitawala, mafundisho yaliyopigwa marufuku, yalipita kijiji hadi kijiji mpaka uasi wa 1944, ulioongozwa na Bushiri, ukaikumba nchi ya Masisi hadi Lubutu. Siutaji uasi huo kwa kuusifu, maana uliwagharimu watu wengi maisha yao. Nautaja kwa kuwa katika msitu huu fundisho halijawahi kuhitaji kiwanda cha chapa ili lisambae. Mfano wa Wakimbangu ndio unaonigusa zaidi. Simon Kimbangu alihubiri hadharani miezi michache tu ya mwaka 1921, akakamatwa, akabaki kifungoni hadi alipofariki Élisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu kutoka Kongo ya Chini, wengine wakaletwa Lowa, kando ya Lualaba, upande wetu huu wa msitu. Kanisa lao halikutambuliwa hadi Desemba 1959. Mtu anaweza kubishana na theolojia yao, na mimi mwenyewe nina maswali juu yake, lakini nyimbo zao, ambazo wao husema zilipokewa kutoka mbinguni, ziliishi miaka 38 ya katazo katika vichwa vya watu ambao hawakuwa na ruhusa hata ya kukusanyika.

Nasi tuna miaka yetu. Kati ya Desemba 1996 na Machi 1997, Tingi-Tingi, kilomita chache kutoka mjini, ilibeba zaidi ya wakimbizi laki moja waliotoka Rwanda, hadi vita vikawafikia na kuwatawanya tena. Baadaye zikaja zamu za wenyeji kujificha msituni. Mtu anayekimbia hubeba sufuria, chumvi na mtoto. Kinanda hakimo, wala kitabu cha nyimbo. Ninapochagua wimbo wa Jumapili najiuliza kama unaweza kufungwa katika mzigo wa namna hiyo. Swali hilo laweza kuonekana zito kupita kiasi mbele ya bendi ya vijana, ila huku kwetu halijawahi kuwa la kinadharia.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wanakorali, nalo lina Biblia ndani yake. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, kinahesabu waimbaji 288 waliofunzwa kumwimbia Bwana. Daudi hakuokota watu njiani. Mungu anastahili kilicho bora, wanasema, sasa kwa nini tushushe kiwango kumfuata bibi asiyejua kusoma? Nakubali kwamba mazoezi ni lazima, na kwamba uvivu mara nyingi hujivika jina la Roho. Lakini kitabu hichohicho, sura ya 16, kinaonyesha watu wote wakiitika mwishoni mwa zaburi, na Zaburi ya 136 ina aya 26, kila aya ikirudi kwenye kiitikio kilekile. Zaburi ya namna hiyo ilitungwa ili wataalamu wawe na wa kuwajibu. Kanisa lilipojaribu njia nyingine, tunajua lilikofika. Mtaguso wa Laodikia katika karne ya 4 uliagiza, katika kanuni yake ya 15, kwamba wasiimbe kanisani ila waimbaji walioteuliwa. Huenda nia ilikuwa utaratibu tu. Hata hivyo kwa karne nyingi, hasa huko Magharibi, uimbaji wa ibada ulikuwa mali ya mapadri, watawa na kwaya, hadi Luther na wenzake walipoanza kuchapa vitabu vya nyimbo kwa lugha ya watu mwaka 1524. Na Wakatoliki wenyewe, katika Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, waliagiza uimbaji wa waumini ukuzwe na muziki wa kila taifa upewe heshima yake.

Hapa Kongo tuna vielelezo viwili vinavyofaa kuwekwa bega kwa bega. Missa Luba, iliyozaliwa Kamina chini ya padri Guido Haazen na kuimbwa Ulaya mwaka 1958, ni kazi nzuri mno. Mwanzoni haikuwa na noti, waimbaji waliibuni pamoja. Rekodi yake ikaenea duniani, na leo wengi wanaoijua wameisikiliza tu, kwenye sahani au kwenye ukumbi. Kisha kuna misa ya utaratibu wa Zaïre, iliyopigania kibali cha Roma kwa miaka mingi na kukipata 1988, ambamo watu huitika, hupiga makofi na kucheza mahali pao. Uzuri wa ile ya kwanza haupungui kwa kusema kwamba ya pili ndiyo inayofanya kile ninachokitafuta. Tena aliye Mprotestanti kama mimi anayeona wivu juu ya jambo hilo yuko katika kundi kubwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na husemwa na wachungaji. Kinachokaa kichwani si lazima kiwe kweli. Pambio la maneno manne linalorudiwa robo saa hukaa kichwani kuliko ubeti wenye fundisho, na tangazo la bia hukaa kuliko vyote viwili. Kwa kipimo changu, basi, mapambio yatafukuza nyimbo za vitabuni. Hoja hii ni ya kweli, na historia inaitia nguvu. Arius wa Aleksandria, ambaye kanisa lilimhukumu kuwa mzushi katika karne ya 4, anasimuliwa kuwa alitunga nyimbo za mabaharia, za wasagaji na za wasafiri ili fundisho lake litembee. Efremu Mshami hakujibu wimbo wa uzushi kwa kukataza kuimba. Alitunga tenzi zake mwenyewe, na wanawake wakaziimba. Hapo ndipo ninapoona mzigo halisi wa kazi hii. Kama kumbukumbu hupokea chochote, anayechagua nyimbo ni mwalimu, apende asipende, na mahubiri yatakuwa yamesahauliwa Jumanne ilhali kiitikio bado kinafua nguo mtoni. Kwa hiyo napima mara mbili: kwanza kama watu wanaweza kuubeba wimbo, kisha kama ningekubali maneno yake yasemwe na mchungaji mimbarini bila sauti ya muziki. Mapambio mengi ninayoyapenda hushinda mtihani wa kwanza na kuanguka wa pili. Mengine hushinda yote mawili, hasa yale ambayo mwimbishaji hubadilisha neno moja kila mzunguko na waumini wakabaki na kiitikio, kwa sababu hapo urudiaji hubeba hadithi mbele badala ya kuzunguka palepale. Ile ahadi ya mali kesho asubuhi, inayouzwa kwa mdundo mtamu, siiimbishi.

La tatu ni la vijana, na lina haraka. Wanasema nikiendelea hivi watahamia kwenye makanisa yenye bendi, na hawakosei, wengine huhamia. Nyimbo zao huja na waendesha pikipiki, kwenye kadi za kumbukumbu za simu: Charles Mombaya, L'Or Mbongo na wengine wa Kinshasa, kwa Kilingala, na mwishoni seben, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, ileile ya rumba ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021. Wazee wetu wengine huona gitaa hilo ni la baa. Mimi sina ugomvi nalo. Kizazi kilichotangulia kilisema hivyohivyo juu ya ngoma, kikaziacha nje ya mlango ngoma ambazo leo hakuna anayeweza kuzitoa ndani. Kilingala nacho kinasikika hapa kwetu. Ugumu uko kwingine: nyingi za nyimbo hizo zimejengwa juu ya koo moja ya ajabu, yenye kupanda mahali ambapo sisi wengine hatufiki, na mashine ya studio ikijaza pande zilizobaki. Tukiziiga, tunapata mwimbaji mmoja anayejaribu kuwa L'Or Mbongo, na kanisa zima linalomtazama.

Kwa hiyo bendi yetu ina sharti moja. Wimbo mpya hufundishwa kwanza bila chombo chochote, mstari kwa mstari, kwa kimo cha bibi. Baada ya Jumapili chache, ukishika, gitaa na ngoma huingia, na seben ichezwe mpaka vumbi litoke sakafuni. Usiposhika, hupelekwa kwenye tamasha la korali, ambako watu huja kusikiliza na hakuna ubaya. Vijana wananung'unika kwamba sharti hili limezuia nyimbo nzuri. Limezuia, ndiyo, tena baadhi yake nazipiga nyumbani kwenye simu yangu. Mpiga kinanda anataka tujaribu mmoja wao tena Pasaka, akiushusha sauti mbili na kumwachia kiitikio kila mtu, na tumekubaliana tuuweke kwenye mazoezi ya Alhamisi.