Niliuza Biti, Biti Zikaniuza

Wasee, leo nawaambia vile nilirudishia watu 41 pesa zao kwa usiku mmoja.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Tangu hapo nauza biti za muziki kwa wasanii wachanga. Mwaka jana nikafungua tovuti yangu, nikalipia seva shilingi 6,000 za mwaka mzima. Nusu ilikuwa ya mamangu, pesa ya chama. Kifurushi kiliandikwa kwa herufi kubwa: "Bila kikomo. Kasi hadi 100." Nikasema hapa nimefika.

Ijumaa saa tatu usiku nikaachilia biti 20, faili moja ya megabaiti 250, bei 300. Watu 60 walilipa chap chap. Halafu jumbe zikaanza: "Mbona imekwama?" "Buda, umenikula?" Kufika usiku wa manane nilikuwa narudisha pesa kwa M-Pesa, na gharama ya kutuma ni juu yangu.

Shida ilikuwa hesabu. Nilikuwa nauza biti za muziki, lakini biti za intaneti sikuzijua. Ile 100 ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti. Baiti 1 ni biti 8, kwa hivyo 100 ni megabaiti 12.5 tu. Watu 60 mara 250 ni megabaiti 15,000. Kwa kasi kamili, dakika 20 wote wamemaliza. Hiyo wangevumilia.

Lakini mtego uko kwa neno "hadi". Ile seva tulikuwa wateja wengi kwa bomba moja, kama maji ya ploti: jirani akifungua yake, yako inadondoka. Kesho yake saa tatu usiku nilienda kwa ofisi ya beshte yangu yenye faiba kali, nikapima. Megabiti 10. Zile dakika 20 zikageuka saa 3 na dakika 20.

Na "bila kikomo" je? Hiyo ni data ya mwezi, si kasi. Tangi yako inaweza kuwa kubwa kama bwawa la Ndakaini, lakini kama bomba ni mrija wa soda, ndoo utaijaza kesho.

Kinyume chake pia kinauma. Chukua kifurushi cha terabaiti 1 kwa mwezi na bomba la megabiti 100. Ukilifungua lote, terabaiti inaisha kwa saa 22 hivi. Mwezi bado ni mchanga na bando limekwisha.

Kwa hivyo kabla ulipe, uliza: data ya mwezi ni ngapi? Kasi ni yangu peke yangu ama tunagawana? Nikipita kiasi mnanikata, mnanipunguzia kasi, ama mnanilipisha? Kisha omba faili ya majaribio, uipakue saa tatu usiku wakati watu wako mtandaoni, si alfajiri. Na utumie laini yenye kasi. Kama ya kwako ni megabiti 10, hutapima seva, utajipima wewe.

Siku hizi niko kwa kifurushi chenye kikomo kilichoandikwa wazi. Mamangu aliponiuliza, "Si ulisema mambo ya kompyuta unayajua?" sikuwa na jibu. Zile 3,000 zake nimeshamrudishia. Jibu ndilo hili.