Texarkana, Mji wa Sheria Tatu

Tulitoka Dallas alfajiri, mimi na binamu yangu Salma, tukashika barabara kuu ya I-30 kuelekea kaskazini mashariki. Ni mwendo wa karibu kilomita 290. Maghala na maduka yalipungua, misonobari ikazidi kando ya njia, hadi tukaingia Texarkana, mji uliokaa nusu Texas na nusu Arkansas. Ilikuwa safari yangu ya kwanza Marekani. Nafundisha sheria ya jinai Dar es Salaam, na nilitaka kufika mahali ambapo mpaka wa sheria unaonekana kwa macho.

Mpaka wenyewe ni barabara ya State Line Avenue. Magharibi ni Texas, mashariki ni Arkansas, na kila upande una meya wake na polisi wake. Barabara hiyo inafika hadi kwenye jengo la mahakama ya shirikisho, ambalo mpaka unalipasua katikati. Lilijengwa mwaka 1933 kwa mawe ya itale ya waridi kutoka Texas na mawe ya chokaa kutoka Arkansas. Watu walikuwa wakipiga picha mbele yake, mguu mmoja huku na mwingine kule. Nami nilisimama pale, nikapigwa yangu.

Chini ya paa hilo zimo wilaya mbili za mahakama ya shirikisho. Kesi ya upande wa Texas ikikatiwa rufaa huenda New Orleans. Ya upande wa Arkansas huenda St. Louis. Majaji wa pande zote huteuliwa na rais, huthibitishwa na Seneti, na hushika kiti maisha yao yote.

Lakini wahalifu wengi wa mji huu hawafiki kwenye jengo lile. Marekani ina watu karibu milioni mbili kizuizini, na magereza ya shirikisho yanashikilia takriban laki moja na nusu tu. Waliobaki, walio wengi mno, wamo katika magereza ya majimbo na mahabusu za kaunti. Chanzo ni Katiba: Rekebisho la Kumi la mwaka 1791 liliyaachia majimbo madaraka yote ambayo serikali ya shirikisho haikupewa. Kwa hiyo kuua, kuiba na kupiga, kwa kawaida, ni makosa dhidi ya jimbo. Anayeamua nani ashtakiwe, na kwa kosa gani, mara nyingi ni mwendesha mashtaka aliyechaguliwa kwa kura za watu wa eneo lake.

Jambo hili si geni kabisa kwetu. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu na Mkurugenzi wake wa Mashtaka, na Bara vilevile. Ila sisi tuna jeshi moja la polisi, na rufaa nyingi za jinai za pande zote mbili huishia katika Mahakama ya Rufani moja. Texarkana hata ngazi ya juu inatofautiana: Arkansas ina Mahakama ya Juu moja, Texas ina mbili, na ya jinai inajitegemea.

Tulivuka barabara kwa miguu, tukatafuta pa kula. Salma alikuwa kimya tangu tutoke mahakamani.

"Kaka," akasema hatimaye, "mwanangu anatimiza kumi na saba Desemba. Kwetu Texas, akifanya kosa siku inayofuata, anashtakiwa kama mtu mzima. Hapa tulipo je?"

Nikamweleza. Arkansas, aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida huangukia mahakama ya watoto, ingawa kwa baadhi ya makosa makubwa mwendesha mashtaka anaweza kumpeleka kwa watu wazima tangu akiwa na miaka 14. Texas, kijana wa miaka 17 hahesabiwi mtoto mbele ya sheria ya jinai, hata kwa wizi mdogo wa dukani.

"Barabara hii hii?"

"Barabara hii hii."

Na bangi ni hivyo hivyo. Wapiga kura wa Arkansas waliiruhusu kwa matibabu mwaka 2016; mgonjwa mwenye kadi hununua dukani bila hofu. Akivuka na gramu chache upande wa Texas, anaweza kufungwa hadi siku 180.

Njiani kurudi nilimsimulia kesi ya Larry Heath. Mtu huyu alikodi wauaji, mkewe akatekwa nyumbani Alabama na mwili ukapatikana Georgia. Huko Georgia akakiri kosa ili aepuke adhabu ya kifo, akapewa kifungo cha maisha. Alabama nayo ikamshtaki kwa mauaji yale yale, ikamhukumu kifo. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kila jimbo ni mamlaka kamili, na aliyevunja sheria za majimbo mawili ametenda makosa mawili. Aliuawa mwaka 1992.

Najua utetezi wa mfumo huu, na una uzito. Mwaka 2017 New York na North Carolina zilitunga sheria za kupandisha umri wa kushtakiwa kama mtu mzima hadi miaka 18 bila kusubiri Washington. Mwaka huo huo Baraza la Wawakilishi la Texas lilipitisha muswada wa namna hiyo. Seneti ya jimbo haikuupitisha. Uhuru uleule unaoharakisha haki jimbo moja unaichelewesha jimbo jirani.

Mimi nakubali majimbo yapishane katika mengi. Utoto wa mtu sikubali uamuliwe na upande wa barabara aliolala. Salma ni raia na ana kura. Kabla hatujafika Dallas alikuwa ameshatafuta jina la seneta wake, si yule wa Washington bali wa Austin, kwa kuwa huyo ndiye anayeweza kubadili sheria ya mwanawe.