Kilichoua Kompyuta ya Gari

Katika miaka ya 1980 baba mdogo alikuwa na gereji Makongeni, Thika, na hapakuwa na kiungo cha injini ambacho hakuweza kukifungua na kukimwaga juu ya gunia. Wateja walimletea Peugeot 504, Land Rover na malori ya Leyland. Baadhi ya magari hayo yalikuwa yameunganishwa mjini humo humo, katika kiwanda kilichoanza kwa jina la Leyland Kenya kabla ya kuwa Kenya Vehicle Manufacturers.

Gari likigoma, alitafuta mambo matatu kwa mpango ule ule: moto, mafuta, hewa. Moto aliutafuta kwa kuvua waya wa plagi na kuusogeza karibu na chuma aone cheche. Mafuta aliyafuata kutoka pampu hadi kabureta, akapuliza vitundu vya jeti kwa mdomo wake. Nafasi ya pointi ndani ya distributa aliipima kwa kipande cha pakiti ya sigara. Mwisho alichukua bisibisi ndefu, akakita ncha yake juu ya injini na mpini akauweka sikioni. Sisi watoto tulioosha vyuma kwa mafuta taa tulikatazwa kupiga kelele wakati huo.

Jambo ambalo sikuliona kuwa kubwa enzi zile ni kwamba kutafuta ubovu hakukulipiwa. Mteja alilipia plagi, gasketi na jasho la kufungua nati. Ubovu wenyewe baba mdogo aliutaja bure, mara nyingi kabla chai haijapoa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa, magari ya mitumba kutoka Japani na Dubai yalianza kushuka Mombasa kwa wingi, yakapanda hadi kwetu. Mengi hayakuwa na kabureta. Nyuma ya dashibodi, mara nyingi upande wa abiria, kulikuwa na boksi la bati lililofungwa, na nyaya zimeingia humo kwa makumi. Watu waliliita kompyuta. Lenyewe husikiliza sensa: joto la maji, hewa inayoingia, mguu wa dereva, mzunguko wa injini. Kisha huamua sindano ya mafuta ifunguke kwa muda gani na cheche ipigwe lini, hesabu inayorudiwa mara nyingi kila sekunde. Haukuwa ufundi mpya duniani. Bosch walikuwa wameuza mfumo wa elektroniki wa kupuliza mafuta tangu 1967 katika magari ya Volkswagen, na mwaka 1979 wakaunganisha mafuta na moto ndani ya boksi moja katika BMW. Thika ulitufikia kama mtumba, bila kitabu cha maelezo, au na kitabu cha Kijapani.

Mafundi wengi waliogopa. Wengine waling'oa mfumo wote, wakafunga kabureta ya zamani, gari likatembea huku likinywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi. Baba mdogo naye alifanya hivyo kwa gari moja au mawili. Kisha dereva mmoja wa masafa marefu akamwonyesha siri ya Toyota za wakati ule: chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye vitundu vilivyoandikwa herufi. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kuwasha swichi, taa ya injini kwenye dashibodi hupepesa kwa hesabu. Mipepeso miwili, kituo, mipepeso miwili tena: 22, sensa ya joto la maji. Moja kisha nne: 14, ishara ya moto haifiki. Orodha ya nambari hizo aliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo, na kwa miaka kadhaa mlango ule ulikuwa ndio mashine yake ya uchunguzi.

Lakini taa ilitaja mahali penye malalamiko tu. Boksi lenyewe likifa, taa nayo hunyamaza.

La kwangu lilikufa nikiwa nimeanza kufundisha Ruiru. Nilikuwa nikienda na kurudi Thika kila siku kwa gari dogo la Kijapani. Kwa muda lilikuwa na tabia ya kupandisha na kushusha mlio likiwa limesimama, kana kwamba kuna mtu anachezea mafuta. Jioni moja likazimika karibu na Juja na halikuwaka tena. Fundi mmoja wa Thika alizungusha ufunguo, akachungulia chini ya dashibodi na kutoa hukumu: "Mwalimu, kompyuta imeenda. Tafuta ingine."

Nilikwenda Nairobi, Kirinyaga Road, kwenye vipuri vilivyotolewa katika magari yaliyokatwa vipande huko Japani. Hapo nilijifunza kuwa sura si kitu. Maboksi mawili yanaweza kufanana kama mapacha, huku moja ni la gia za kawaida na jingine la otomatiki, na kinachotofautisha ni nambari ya kibandiko. Kwenye Toyota, kwa mfano, nambari hizo huanza na 89661, na tarakimu zinazofuata ndizo za kulinganisha moja moja. Nililinunua lenye nambari ileile. Fundi akatoa waya wa hasi wa betri, akachomoa soketi, akafunga boksi jipya kwa skurubu, akarudisha betri. Gari likawaka papo hapo. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko kubadilisha tairi.

Wiki chache baadaye likafa tena, kwa dalili zilezile.

Baba mdogo alikuwa amezeeka na gereji amewaachia wengine. Nilipomweleza, hakuuliza bei. Aliuliza, "Ile ya kwanza ilikufa kwa sababu gani?" Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo, hata fundi. Akafungua boksi la kwanza kwa bisibisi, akalinusa, akanionyesha doa jeusi kwenye bodi. Ndani ya bodi hakudai kujua. "Nenda kwa yule kijana wa Ruiru anayetengeneza televisheni," akaniambia.

Kijana yule hakuwa na gereji; alikuwa na meza, taa yenye kioo cha kukuza na pasi ya kulehemu. Alifuata doa jeusi hadi kwenye chipu inayoendesha mota ndogo ya kurekebisha hewa injini inapotulia. Akaniomba nimletee mota yenyewe. Akapima nyaya zake: nyingi zilionyesha karibu ohm 30, mmoja karibu sifuri. Mota ilikuwa imeshoti ndani, na kila boksi lililofungwa lilivuta umeme mwingi kupita chipu ile hadi ikaungua. Boksi tulilonunua lilikuwa zima. Tulilipeleka kwa muuaji yuleyule. Alibadilisha mota kwanza, kisha chipu, na akang'oa kapasita kadhaa zilizokuwa zimevuja majimaji juu ya bodi, maradhi ya kawaida ya vifaa vya umeme vya umri ule. Boksi la zamani likarudi kazini.

Barabara ya Thika ya njia nane ilipofunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012, vibanda vingi vya kando yake vilikuwa vimehama. Ruiru ilikua kwa kasi, hasa kuelekea Kamakis na barabara ya Eastern Bypass, na meza kama ile ya kijana zikawa maduka yenye hadubini na tarakilishi. Magari nayo yalibadilika. Desemba 2016 kiwanda kilekile cha Thika kilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo, na katika magari ya kizazi hicho kompyuta na ufunguo hutambuana. Ukifunga boksi la gari lingine, injini hukataa kuwaka, au huwaka na kuzima palepale, kwa kuwa ufunguo ni mgeni kwake. Fundi hulazimika kuchukua chipu ndogo ya kumbukumbu yenye miguu minane katika boksi la zamani, asome yaliyomo na kuyaandika katika lile la pili.

Kazi ya mikono kwa hiyo imekuwa ndogo, na kazi ya kutafuta imekuwa ndiyo yote. Majuzi gari la mwalimu mwenzangu halikuwaka, na hata taa ya injini haikutokea alipowasha swichi. Aliambiwa boksi limekufa. Kule Ruiru walipima volti 5 ambazo kompyuta huzipeleka kwenye sensa, wakakuta hakuna kitu. Walichomoa sensa moja baada ya nyingine, na walipofika kwenye ya tatu volti zikarudi. Sensa moja ilikuwa imeshoti na kunyonya umeme wa zote. Boksi lilikuwa salama.

Mwenzangu alilalamikia ada ya kupima. "Hawajanibadilishia kitu cha maana," alisema. Hapo ndipo penye ugonjwa wetu wa miaka hii. Tulilelewa na mafundi waliotaja ubovu bure, tukazoea kulipia kinachoshikika, na fundi anayejua hilo hutuuzia boksi maana ndilo tutakalolilipia bila ubishi. Huku nyuma wauaji wanaendelea: maji ya presha yanayopigwa ndani ya injini kwenye vibanda vya kuoshea magari, betri ya kuazima iliyounganishwa kinyume, bomba la moshi lililochomelewa bila kutoa waya wa betri.

Mimi siku hizi napatana bei ya kupima kabla ya kutaja bei ya kipuri, na nailipa yote, hata fundi akirudisha boksi langu mahali pake na kuniambia halina kosa.