Gari Linalonusa Mafuta

Baba hakuwahi kuuliza gari linakula mafuta kiasi gani. Mwanzoni mwa miaka ya themanini swali lilikuwa kama mafuta yenyewe yapo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979 na kuiacha Tanzania haina fedha za kigeni, petroli ilipatikana kwa foleni, na Jumapili ikigonga saa nane mchana magari binafsi yalitakiwa yawe yameegeshwa. Aliyekutwa barabarani baada ya hapo alikuwa na maelezo ya kumpa trafiki. Gari jipya nalo lilikuwa la kibali, kupitia shirika la umma la State Motor Corporation, na bwana shamba wa Korogwe kama baba hakuwa mtu wa kupewa kibali. Alisubiri mtu ahame. Mfanyabiashara mmoja alipofunga duka kwenda Kanada, baba akanunua Datsun 120Y yake kwa bei ambayo mama hajaijua hadi leo.

Injini ilikuwa ya cc 1,200 kasoro kidogo, na kwa viwango vya sasa lilikuwa gari la kubana matumizi hasa. Sijawahi kumsikia baba akilisifu kwa hilo. Alilisifu kwa kuwa fundi wa pale mjini aliweza kulifungua lote na kulifunga tena bila kitabu, na gasketi ikiharibika alikata nyingine kwa karatasi ngumu. Kuhusu mafuta, mzee alikuwa na dawa yake. Tukitoka Lushoto kushuka Mombo alizima injini na kuliacha gari liteleze lenyewe, kona baada ya kona, sisi watoto tukishangilia kiti cha nyuma. Leo dereva akinifanyia hivyo nashuka.

Nimekuja kununua magari yangu mwenyewe, yote mitumba, yote kwa mshahara wa mhasibu, na kila nilipoingia sokoni nilikuta maana ya gari la gharama nafuu imeshahama pale nilipoiacha.

Mlango ulifunguliwa 1984, bajeti ya waziri wa fedha Cleopa Msuya iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezitoa wapi. Kufikia miaka ya tisini bandari ya Dar es Salaam ilikuwa inashusha mitumba ya Japani na mitaa ikajaa Toyota. Sababu si siri. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, na sheria yao hulipeleka gari jipya kwenye ukaguzi mkali baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miwili. Ukaguzi ule una gharama, na wengi huona heri wauze wanunue jingine. Gari walilolichoka wao kwetu ndiyo kwanza linaanza kazi.

Langu la kwanza nililinunua 2003. Starlet, cc 1,300. Kila mwenye gari niliyemuuliza Dar aliniambia neno lilelile, kwamba Starlet haili mafuta, inayanusa tu. Dalali wa Kinondoni naye akanipokea kwa wimbo wake: "Dada, hii ilikuwa ya mama mmoja tu, ofisini na nyumbani. Rangi haijaguswa, injini haijafunguliwa. AC inapuliza mpaka unaomba shuka."

Nilikwenda na fundi kutoka Gerezani, mzee asiyependa maneno. Alinilazimisha tufike kabla ya muda tuliopatana na dalali, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Akaridhika, kwa sababu gari lililopashwa moto kabla mnunuzi hajafika huficha ugonjwa wake wa asubuhi. Akaliwasha, akafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma na kukigeuza juani: hakuna ute mweupe, maana yake maji na oili havijakutana. Akahamia nyuma. "Kanyaga, mwanangu," akaniambia, naye akawa anatazama moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta yanazidi. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, hapo pana gasketi ya silinda hedi na pesa yako inaondoka. Akafunua zulia la buti kutafuta palipochomelewa, akalinganisha namba ya chesesi na ile ya kwenye kadi. Mwisho akafungua mlango wa dereva, akainama kwenye nguzo yake, pale ambapo mafundi wa Japani hubandika kistika kila wanapobadilisha oili, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Mzee hakujua Kijapani. Alijua tu kwamba ile tarakimu ya mwaka ni ya mfalme wao, na kwamba ukiijumlisha na 88 unapata mwaka wetu. Kistika kilisema 10. "Tisini na nane," akasema. "Haya, soma kilomita." Zilikuwa 118,000 na ushee. Kwenye dashi, miaka mitano baadaye, zilikuwa 74,000. Dalali akatazama barabarani, akasema mita za Kijapani wakati mwingine zinachanganya. Kipande kile cha karatasi kilinipunguzia laki nne.

"Injini nzima," fundi akaninong'oneza tukiondoka. "Muongo ni mtu."

Starlet ile niliishi nayo kwa amani. Kero yake ilikuwa redio. Masafa ya FM ya Japani yalikuwa yanaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni zote za juu ya hapo hazikushika mpaka ununue kidude cha kupandisha masafa. Lakini chochote kilichokufa kwenye gari lile, niwe nimekiulizia Gerezani au Shaurimoyo, kilipatikana siku hiyohiyo, na kama si kipya basi kilichotolewa kwenye Starlet nyingine iliyogonga. Hapo ndipo nilipomwelewa baba na ile Datsun. Mafuta unayaona kila wiki, ndiyo maana yanakuuma. Spea adimu huja mara moja, lakini siku hiyo inakula akiba ya mwaka mzima.

Zamu ya gari la pili ilipofika, 2013, sikwenda Kinondoni. Majina ya wauzaji wa mtandaoni kama BE FORWARD na SBT yalikuwa yameshajulikana hadi mikoani, na kila ofisi ilikuwa na mtu anayekula chakula cha mchana huku akiperuzi picha za magari yaliyoegeshwa Yokohama. Picha zilikuwa nyingi na nzuri, kiti kwa kiti. Nilijifunza kutafuta ile moja ambayo wauzaji wengine hawaitoi, ya uvungu. Magari yaliyoishi mikoa ya baridi ya Japani hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hula chuma kimyakimya kutokea chini. Boneti itang'aa, fremu imeoza.

Ila kilichobadilika zaidi ni kwamba bei ya gari ilikuwa nusu tu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa ushuru, na kwa maoni yangu ushuru ndio umetuchagulia magari tunayoendesha kuliko tangazo lolote. Siku hizi mamlaka ya mapato, TRA, wana mfumo wao mtandaoni: unaingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini, unajua utakachodaiwa kabla hujatuma hata senti Japani. Hesabu hiyo hufuata thamani waliyonayo wao, si risiti yako, hivyo ukibahatika kuokota gari kwa bei ya kutupa, ushuru haushuki nawe. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. VAT asilimia 18 huja juu yake. Ushuru wa bidhaa hufuata injini: isiyozidi cc 1,000 haitozwi, hadi cc 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo 10. Kisha kuna ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari la miaka minane hadi kumi ni asilimia 15, na likizidi kumi ni 30. Wenzetu wa Kenya walimaliza ubishi kwa kukataa kabisa gari lililozidi miaka minane. Sisi tumeachiwa mlango wazi, tulipie kiingilio. Ukishaona mpangilio huo huhitaji kuuliza kwa nini Vitz na Passo za cc 990 na kitu zimejaa kila kona ya Dar.

Mimi nilichukua IST ya cc 1,300. Nilikuwa nimevutiwa na gari jingine, pana zaidi, zuri zaidi, na bei yake ilikuwa chini kwa namna ya kutia shaka. Nikamuuliza fundi, sasa akiwa mzee kweli, akauliza swali moja tu: "D4?" Ilikuwa D4. Injini zile za Toyota zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zilikuwa zinaogopwa Gerezani nzima, hata wauzaji wengine waling'oa ile nembo ya nyuma. Sidhani zilikuwa injini mbovu. Zilitaka mafuta safi na fundi mwenye vifaa vya kupimia, na sisi tulikuwa na vidumu na masikio. Lakini anayenunua kwa akiba ya miaka hanunui gari ili akalitetee, kwa hiyo nikafuata kundi. IST ilinipa kilomita 12 hivi kwa lita mjini, zaidi kidogo nikielekea Morogoro, na kila fundi kuanzia Kibaha hadi Korogwe aliifahamu kama nyumba yake.

Kufuata kundi kuna bei yake, na hiyo hawakuniambia. Asubuhi moja nilikuta saiti mira zote mbili zimeng'olewa kwa ustadi, waya zimekatwa bila kuchubua rangi. Gari ambalo spea zake zinauzika haraka, wezi nao wanajua zinauzika haraka. Nilikwenda kununua nyingine nikakuta rundo, na muuzaji, kijana mwenye adabu zote, akaniuliza, "Mama, ya kwako ilikuwa rangi gani?" Nilipata za rangi yangu hasa. Sikuuliza zaidi. Siku hiyohiyo nikachonga namba ya gari kwenye vioo, taa na hizo saiti mira, kama wafanyavyo wenye IST wote.

Miaka iliyofuata mizani iliegemea zaidi kwenye pampu. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile stika ya kioo cha mbele, na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita. Watu walishangilia, nami nilishangilia, lakini mhasibu hakosi kuona kilichotokea: gari linaloshinda limeegeshwa lilipata nafuu na linalotembea likabeba mzigo. Kisha vita vya Ukraine vikaja. Mwaka 2022 bei kikomo ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kwa petroli ya Dar ilivuka shilingi 3,000, na ile Jumatano ya kwanza ya mwezi wanapotangaza bei mpya ikawa siku ambayo watu hujaza tenki usiku wa kuiamkia.

Mpwa wangu anafanya kazi Posta na anaishi Mbagala. Mwaka jana alinijia na bajeti isiyofika milioni kumi na tano, akiwa na maswali ambayo kizazi chetu hakikuwa nayo. Afunge mfumo wa gesi kama wanavyofanya madereva wa teksi za mtandaoni? Gesi asilia ni nafuu mno kuliko petroli, hilo halina mjadala, lakini mtungi unameza buti lote na foleni ya kujaza inaweza kukunyang'anya muda uleule uliotaka kuufanyia kazi. Au achukue Toyota Aqua, inayosaidiwa na umeme, ambayo kwenye foleni ya Kilwa Road injini yake huzimika na gari linasogea kimya? Nilimuuliza betri yake kubwa ikichoka ataibadilishia wapi, na kwa shilingi ngapi. Akatafuta, akaishia kwenye Passo.

Hata hapo tulibishana juu ya namba. Dar es Salaam gari hupimwa kwa herufi ya kwanza baada ya tarakimu: namba C hukunjiwa uso, namba D inakubalika, namba E ni ya kuulizia kwa heshima. Herufi inasema gari liliingia nchini lini. Haisemi lilitengenezwa lini wala liliishi vipi. Passo ya 2005 iliyosajiliwa juzi itauzwa ghali kuliko ya 2008 iliyokwishakula vumbi letu, na mnunuzi atalipia kibao. Mpwa wangu alinisikiliza vizuri, kisha akaagiza yake mwenyewe kutoka Japani ili awe na namba E.

Nilimpa sharti moja, kwamba abakize milioni moja na nusu ya matengenezo ya kwanza: oili zote, plagi, bushi, na hasa matairi, kwa sababu mengi ya magari hayo huja yamevaa matairi ya theluji, laini, yasiyotengenezwa kwa lami ya joto. Alibakiza kweli. Gari lilipotoka bandarini akanionyesha redio mpya yenye skrini kubwa na kamera ya nyuma, spika nne, na sabufa chini ya kiti. Matairi ya theluji yangali miguuni, yanakwenda Mbagala na kurudi kila siku, Januari hii.