Comanche juu ya Ghuba ya Winam

Nimepotea kidogo, kazi za watu zilinibana, lakini wiki mbili hizi usiku nimekuwa nikichezea kitu ambacho lazima niwasimulie: helikopta ya kivita inayoruka Kisumu. Ndani ya kompyuta, jamani, msianze kupigiana simu.

Mnaokumbuka magemu ya DOS mtaijua Comanche: Maximum Overkill. NovaLogic waliitoa mwaka 1992, na wakati huo helikopta yenyewe, RAH-66 Comanche, haikuwa imeruka hata siku moja. Ile ya kweli iliruka mara ya kwanza Januari 1996. Halafu Februari 2004 jeshi la Marekani likaufuta mradi mzima, zikiwa zimeundwa mbili tu za majaribio na mabilioni ya dola yamekwenda. Kwa hiyo waliowahi kupigana vita na Comanche ni sisi wacheza gemu peke yetu.

Lakini kilichonivutia si makombora, ni milima. Gemu nyingi za urubani za miaka ile zilichora mlima kama hema: pembetatu tatu nne, basi. Comanche ilikuwa na mabonde unayoweza kujificha ndani yake, kwenye mashine isiyo na kadi ya kuharakisha michoro ya 3D. Mbinu hiyo waliiita Voxel Space. Unakuwa na ramani mbili za miraba. Moja inasema kila mraba una kimo gani, nyingine inasema una rangi gani. Kwa kila safu wima ya skrini unatembea juu ya ramani kutoka karibu kwenda mbali. Kila hatua unachukua kimo, unatoa kimo cha helikopta, unagawa kwa umbali, unachora mstari wa wima. Unakumbuka mstari wa juu kabisa uliofikia. Cha mbali kisichovuka hapo kimefichwa na mlima wa karibu, hukichori. Kwisha. Mistari michache ya JavaScript, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiandika.

Sasa, ramani ya kimo cha Kisumu ipo na ni ya bure. Februari 2000 chombo Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipima nchi kavu kwa rada. Data ile imegawanywa katika faili za digrii moja moja, na ya kwetu inaitwa S01E034. Ina miraba 1201 kwa 1201, kila mmoja kama mita 90, kila kimo baiti mbili. Jumla baiti 2,884,802. Kuna watu wananitumia picha za harusi kubwa kuliko hiyo. (Kumbuka tu kwamba baiti kubwa ndiyo inayotangulia.)

Niliondokea Dunga, nikaelekea magharibi. Ziwa ni bapa, mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na kushoto Mlima Homa ukatokea, mita 1,751, kwa umbo lile lile ninalolijua. Nilinyamaza kidogo. Mbele kabisa, Rusinga. Ukigeuka kaskazini dunia inakatika Maseno, kwa sababu ikweta inapita pale na faili linaishia kwenye ikweta.

Mdogo wangu akaja, akashika kibodi, akaruka dakika tano. Kisha akauliza, "Sasa omera, tunapiga nani?"

Swali la haki. Gemu ya 1992 ilikuwa na vifaru jangwani, kwa mtu asiyejulikana. Hapa kila mraba una mwenyewe. Nikiweka kifaru Kondele, ni Kondele ile niliyopita nikienda shule. Januari 2008 nilikuwa shule ya msingi mji ulipowaka. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mtoto wa miezi sita aliuawa Nyalenda polisi walipoingia kwenye nyumba. Shangazi yetu anaishi Nyalenda. Nilimwambia kombora halina kitufe, na halitakuwa nacho.

Hakubishana. Alichukua nakala ya kodi, akarudi Jumapili na adui wake: gugu maji. Kusema kweli nilicheka, maana hilo limevamia ghuba tangu miaka ya 1990 na hakuna kabila litakaloudhika. Ni miraba ya kijani juu ya ziwa, na kubadilisha rangi ya mraba hakumgharimu prosesa chochote. Kalipa na upepo: upepo ukigeuka, zulia zima linahama, linaziba Dunga, na hakuna boti inayotoka. Wavuvi watakwambia ndivyo lilivyo. Ukilipiga linafunga tena nyuma yako.

Sasa anadai Migingo. Hicho kisiwa, ambacho Kenya na Uganda zimevutana juu yake kwa miaka, kiko kwenye faili la jirani, S01E033. Nimempigia hesabu: kina kama mita za mraba 2,000, na mraba mmoja wa data yetu una 8,100. Kenya na Uganda zinagombania robo ya mraba. Itabidi nikichore kwa mkono.